Chati ya kugeuza imejaa, lakini mkazi ana kidonda kisiginoni

Zamu_Usiku:
Habari wakuu. Nasimamia zamu ya usiku kwenye makao ya wazee. Mkazi wetu mmoja ana kisukari na amepooza upande wa kulia. Analalia godoro la hewa, na chati yake inaonyesha anageuzwa kila baada ya saa mbili, hakuna kisanduku kitupu. Jana asubuhi kisigino cha kulia kimekutwa na lengelenge la zambarau, upana kama sentimita 3. Makalioni ngozi ni nzima. Usiku tuko wahudumu wawili na wa kugeuzwa ni 14. Familia inasema alitelekezwa, uongozi unasema chati inatulinda. Kosa liko wapi, na leo tufanye nini?

Muuguzi_Vidonda:
Kugeuza peke yake hakuokoi kisigino. Ukimtoa chali ukamlaza ubavu, uzito wa makalio unahama, lakini kisigino kinabaki palepale kwenye godoro, kimebadili upande tu. Pale mfupa uko karibu kabisa na ngozi, nyama ni kidogo mno. Kisukari kikishaharibu neva na mishipa, damu inafika kwa shida na mguu una ganzi, kwa hiyo hatalalamika.

Leo weka mto kwa urefu chini ya shavu la mguu, kuanzia chini ya goti hadi juu kidogo ya kano ya kisigino. Goti likunjike kidogo. Kisigino kining'inie hewani: pitisha karatasi kati yake na shuka, ikikwama bado hujafanya kitu. Msikunje taulo mkaliweka chini ya kifundo, mtakuwa mmehamishia mgandamizo kwenye kano. Na mto huteleza, kwa hiyo uangaliwe kila mtu anapopita chumbani.

Lengelenge msilitoboe. Rangi hiyo ni damu iliyovia, na nyama ya ndani huenda imeumia kuliko inavyoonekana juu. Linaweza kufunguka likawa shimo ndani ya siku chache hata mkihudumia vizuri. Daktari aitwe leo, apime pia kama damu inafika mguuni. Pigeni picha yenye rula pembeni. Familia waelezwe hilo sasa hivi, maana likifunguka bila wao kuambiwa watahesabu kosa la pili.

Huduma_Bora:
Sisi tunapakanda na mafuta mara tatu kwa siku ili damu itembee. Na zile pete za mpira za kuwekea kisigino zinasaidia.

Muuguzi_Vidonda:
Hapana dada, vyote viwili acheni. Ngozi iliyokwisha kuumia ukiikanda unazidi kuichana kwa ndani. Pete nayo inabana ngozi mduara mzima, damu ya katikati inakatika. Mafuta ya kulainisha ngozi kavu ni sawa, lakini yapakwe taratibu, na si juu ya palipoumia.

Mkaguzi_Makao:
Mimi narudi kwenye chati. Wakazi 14, kila mmoja anageuzwa na watu wawili. Weka dakika 8 kwa kumgeuza, kubadilisha nepi na kupanga mito. Hizo ni dakika 112, na duru nzima ni dakika 120. Zinabaki 8 za kuitikia kengele, kupeleka watu chooni na kupumua. Chati isiyo na pengo hata moja kwa hesabu hiyo haimlindi mtu, inasema ilijazwa mezani. Angalia kama zote zimeandikwa saa 4:00, saa 6:00, saa 8:00 kamili, kwa kalamu moja, na wakazi wa vyumba viwili wamegeuzwa na watu walewale kwa wakati mmoja. Wakili wa familia atayaona hayo kabla hajamaliza chai yake.

Huu mara nyingi si uvivu. Pengo likiadhibiwa, watu watajaza. Ongezeni safu ya "hakugeuzwa, sababu", na nyingine ya "visigino hewani: ndiyo/hapana". Sababu hizo zikikusanywa ndizo zitakazomwombea mtu wa tatu wa usiku.

Halafu si lazima wote 14 wawe kwenye saa mbili. Utafiti wa makao ya wazee ya Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2013 ulilinganisha kugeuza kila baada ya saa 2, 3 na 4 kwa wakazi waliolalia magodoro mazito ya povu, na tofauti ya maana ya vidonda haikuonekana. Pimeni kila mtu kwa kipimo cha Braden, cha hatari ya kupata vidonda vya kulala (alama 18 kushuka chini yuko hatarini), kisha ngozi yenyewe iamue. Bonyeza palipo pekundu kwa sekunde 3, uachie. Wekundu usipopauka, muda ni mrefu mno kwake. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane kabisa: linganisha na kisigino cha pili kwa mgongo wa mkono, utafute joto au ubaridi, ugumu, au ulaini usio wa kawaida.

Fundi_Vitanda:
Godoro la hewa nalo likaguliwe. Pampu iwekwe kwa uzito wa mkazi. Ingiza kiganja chini ya godoro usawa wa makalio: ukigusa mwili karibu moja kwa moja, hewa haitoshi. Shuka moja inatosha, tabaka nne za shuka na nepi zinaua kazi ya godoro. Na kichwa cha kitanda kisizidi nyuzi 30, ila wakati wa kula na kama nusu saa baadaye. Kabla ya kukiinua, inueni kwanza sehemu ya magoti, la sivyo anaporomoka na visigino vinaburuzika.

Zamu_Usiku:
Nimetoka kuangalia: pampu iko kilo 120, mkazi ana kilo 54! Swali moja tu, lengelenge likikauka likawa gamba jeusi, tulibandue?

Muuguzi_Vidonda:
Kama ni kavu, limeshika pande zote, halina usaha wala harufu, na ngozi ya pembeni haijavimba, liacheni. Kwa kisigino hilo ndilo kifuniko chake. Likianza kulegea au kulowa, ni daktari siku hiyohiyo. Kwa kilo 54 anahitaji protini kati ya gramu 65 na 81 kwa siku, ila figo zikiwa na shida daktari ndiye apange kiasi. Na hiyo pampu rekebisha kabla hujamaliza kusoma hapa.