Naomba ushauri: adapta nzuri ya maikrowevu ya Marekani, shemeji anaingia Alhamisi

Kijana wa Njiro:
Habari za jioni wakuu. Shemeji yangu anatoka Houston, anatua KIA Alhamisi. Nina suala dogo tu la umeme. Kwa maikrowevu ya kule, adapta ipi inafaa kwenye soketi zetu za pini tatu? Madukani naziona nyingi na bei zinapishana sana. Mwenye kejeli apite kimya kimya.

Fundi Koili:
Mkuu, adapta inabadilisha umbo la pini tu. Umeme unaopita ni uleule. Soma stika ya nyuma ya hiyo oveni, utuandikie volti, Hz (idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde) na wati. Bila namba hizo tatu tutakuwa tunapiga ramli.

Sokoni Kila Siku:
Kwani Arusha maikrowevu zimeisha? Chukua ya lita 20, 230V 50Hz, yenye waranti ya hapahapa. Mnapenda sana kusumbua watu na mizigo.

Kijana wa Njiro:
Sikuuliza pa kununua. Ni mpya, wati 1000, chapa nzuri. Tubaki kwenye adapta.

Fundi Koili:
Volti na Hz?

Mama Kelvin:
Mkishamaliza oveni, mwambieni na TV asibebe. TV ya Marekani antena yake inasoma mfumo wa ATSC, sisi tunatumia DVB-T2, kwa hiyo haitashika chaneli hata moja ya hapa bila kisimbusi. Nyingine hata umeme wake ni 120V peke yake. Kompyuta ya mapajani na chaja ya simu hazina shida, mradi pameandikwa INPUT 100-240V 50/60Hz. Hizo ndizo za kuchomeka kwa adapta ya kawaida.

Kijana wa Njiro:
Asante dada, ila TV haimo. Haya, stika inasema 120V, 60Hz, 1500W. Lakini hilo nimeshalimaliza, nimelipia transfoma ya kushusha volti, ya wati 1000. Muuzaji kasema inatosha kwa kuwa mlangoni pameandikwa 1000W. Kilichobaki ni adapta tu.

Fundi Koili:
Sasa ndiyo tunaongea. Hiyo 1000 ni nguvu inayoingia kwenye chakula. Inayovutwa ukutani ni 1500. Transfoma ya 1000 ukiibebesha 1500 itachemka, utasikia harufu ya vanishi ya nyaya, kisha basi. Kwa oveni hiyo anzia 2000, na iwe ya koili na chuma, nzito ya kukuumiza kiuno. Vile vikopo vyepesi vilivyoandikwa 1875W ni vya mashine ya kukaushia nywele na vitu vyenye waya wa kupasha joto tu. Vinakatakata wimbi la umeme, na bodi ya saketi ya maikrowevu haiwezi kuishi hivyo.

Na hapo tumeshusha volti tu. Hz transfoma haigusi. Inaingia 50, inatoka 50. Ndani ya oveni kuna transfoma nyingine kubwa iliyopimiwa 60. Ukiilisha 50, chuma chake kinabebeshwa sumaku ya ziada kama asilimia 20, kinashiba, kinanguruma, kinapata moto. Na kama saa yake inahesabu mawimbi ya umeme, kila saa moja itachelewa dakika 10. Uji wa dakika tano utauchukua baada ya sita.

Sokoni Kila Siku:
Uji wenyewe utakuwa wa nyaya.

Chai Rangi:
Samahani wadau, nina swali moja. Leo Jumatatu, shemeji anatua Alhamisi. Huyu bwana stika ya oveni iliyoko Houston kaisoma kwa darubini? Hii ni chai. Leteni vitumbua.

Sokoni Kila Siku:
Maandazi yangu haya. Kesho tutaambiwa hata shemeji hayupo.

Mama Kelvin:
Pengine katumiwa picha. Ila kweli, transfoma imelipiwa kabla oveni haijafika?

Kijana wa Njiro:
Si chai. Oveni ilitangulia mwezi uliopita. Jamaa aliishusha Nairobi, ikapanda basi kupitia Namanga. Kwa haraka nikaichomeka na adapta ya elfu tano, nikaweka kikombe cha maji, nikabonyeza dakika moja. Ikanguruma kama sekunde mbili, ikazima. Sasa hata taa haiwaki. Transfoma nimeinunua baada ya hapo. Ndiyo maana nauliza adapta, huenda ile ilikuwa mbovu.

Fundi Koili:
Adapta haikuwa mbovu, ilifanya kazi yake vizuri mno. Imepeleka 230V kwenye kitu cha 120V. Ingekuwa pasi ya 1500W ya kule, kwa muda mfupi ingevuta karibu 5500W, yaani 24A kwenye plagi ya fyuzi ya 13A.

Oveni haijafa lazima. Fundi aanze na fyuzi ya kauri ya ndani, mara nyingi ni ya 20A. Kisha aangalie varista kwenye bodi, kile kidude bapa kama sarafu. Volti zikizidi kinajishoti ili kuikata fyuzi, kinakufa badala ya bodi. Vikiwa hivyo viwili tu, matengenezo ni rahisi. Kama ni transfoma ndogo ya bodi iliyokatika waya, utatafuta bodi nzima, na bodi ya oveni ya Marekani huku ni kusaka sindano. Asiweke fyuzi mpya akairudisha palepale kwenye 230.

Wewe mwenyewe usifungue. Kapasita ya ndani inaweza kubaki na zaidi ya volti 2,000 hata waya ukiwa umechomolewa.

Mzee wa Namanga:
Na ushuru je? Ule msamaha wa ushuru ni wa mizigo ya abiria mwenyewe, mkazi anayerudi baada ya kukaa nje zaidi ya saa 24. Boksi linalosafiri peke yake ndani ya buti la basi haliko humo. Vijana mnapitisha tu, halafu mnaomba ushauri wa adapta.

Kijana wa Njiro:
Ya Namanga yalishapita, mzee wangu. Alhamisi anakuja na drili, betri mbili za 18V 5Ah na pawabenki ya 30,000mAh. Chaja ya drili ni ya 120V, kwa hiyo ile transfoma itatumika, hela haijapotea.

Fundi Koili:
Hapo umepatia. Chaja hiyo haivuti hata wati 300.

Mama Kelvin:
Ngoja, hizo betri zisipande mzigo wa chini. Zidisha volti kwa Ah: 18 mara 5 ni 90Wh (wati-saa) kila moja, iko chini ya 100, inaruhusiwa kwenye begi la mkononi. Pawabenki ni volti 3.7 mara Ah 30, ni 111Wh. Imevuka 100, kwa hiyo aombe kibali cha shirika la ndege mapema. Mwisho ni 160. Drili yenyewe, bila betri, ndiyo inayokwenda kwenye begi kubwa. Ncha za kila betri azizibe kwa tepu nyeusi ya umeme, na kila moja ikae peke yake. Asizifunge kwa mifuko ya plastiki ya dukani, huku ni marufuku tangu Juni 2019.

Kijana wa Njiro:
Nimempigia sasa hivi. Anasema begi kubwa kashalifunga na kulipima, kilo 23 kamili, na betri ziko chini kabisa pamoja na pawabenki. Hataki kulifungua. Anasema kama wanakagua watazitoa wenyewe, yeye halali usiku kwa ajili ya drili yangu.

Chai Rangi:
Nafuta kauli. Shemeji wa namna hii hatungwi.