Peni imevujia shati, meza na fomu: nianze na kipi?

Mkufu
Wakuu, peni ya kawaida imevujia mfuko wa shati jeupe la pamba, doa ni kubwa kama sarafu. Wino huohuo umegusa meza ya mbao, na tone moja limedondokea fomu iliyokwisha kujazwa. Shati halijaguswa na maji bado. Kuna aliyeniambia nimwagie dawa ya klorini.

Foronya
Klorini iache ilipo. Wino wa peni ya kawaida ni rangi iliyoyeyushwa kwenye kimiminika cha mafutamafuta, ndiyo maana maji hayauwezi. Unaouweza ni spiriti ya hospitali, asilimia 70 au zaidi. Fungua madirisha, na pasiwe na moto karibu.

Kwanza pachika tishu nene ndani ya mfuko, ama sivyo doa moja litakuwa mawili. Ijaribu spiriti kwenye pindo la ndani. Kisha laza shati, doa likitazama chini, juu ya tishu zilizokunjwa. Lowesha pamba kwa spiriti na ugandamize kutokea nyuma, ukianzia pembeni kuja katikati. Usisugue. Inua kila baada ya sekunde chache: utaona muhuri wa buluu kwenye tishu. Sogeza pasafi, rudia, mpaka muhuri ufifie. Wengi huharibia hapahapa, maana tishu ikishashiba inaurudisha wino kwenye nguo.

Ukishamaliza, paka sabuni ya maji ya vyombo, acha dakika 10, suuza kwa maji baridi. Pasi na kikausha nguo visiguse shati mpaka uhakikishe, kwa sababu joto hukamatisha kilichobaki.

Pindo
Naongezea. Ikiwa ni peni ya jeli, spiriti haitafika mbali: mara nyingi rangi yake ni chembechembe zisizoyeyuka. Hapo ni sabuni, kugandamiza na subira, na huenda kivuli kikabaki. Wino wa kalamu ya kujaza huanza na maji baridi. Ule wa kizamani wenye chuma ndani ukiupiga klorini unageuka rangi ya kutu, na kutu hiyo ni ngumu kuliko wino wenyewe.

Asetoni (imo kwenye dawa nyingi za kuondoa rangi ya kucha) pia muwe nayo makini, inayeyusha asetati, kitambaa kinachong'aa kama hariri.

Mkufu
Dawa ya nywele ya kupuliza je? Kila mtu anaisifia.

Foronya
Sifa hiyo ilitokana na alkoholi iliyokuwamo. Siku hizi nyingine zina kidogo tu, na zote zinaacha gundi ambayo nayo itabidi uifue.

Randa
Meza: inategemea imepakwa nini. Vanishi ya shelaki huyeyuka kwa spiriti, kwa hiyo ukienda kichwakichwa utaondoa doa na ng'aro pamoja. Anza na kitambaa chenye sabuni kidogo, kilichokamuliwa. Kikishindwa, chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti na ujaribu chini ya meza. Pakinata au pakififia, acha. Kwenye mbao tupu wino umeshafuata nyuzi. Ni msasa wa namba 180 kwa uelekeo wa nyuzi, kisha upake upya.

Sponji nyeupe ya melamini nayo ni msasa laini. Kwenye meza inayong'aa itaacha duara lililofifia.

Bahasha
Fomu usiiguse na spiriti. Wino utasambaa na kuweka duara pana kuliko tone lenyewe. Klorini hudhoofisha karatasi na kuifanya njano. Tone likiwa bichi, ligandamize kwa ncha ya tishu, usipanguse. Likishakauka, omba fomu nyingine. Fomu iliyokwanguliwa kwa wembe inatia shaka kuliko yenye doa. Risiti za mashine ndizo mbaya zaidi, spiriti huzifanya nyeusi.

Mkufu
Shati limetoka, ila limebaki na kivuli cha zambarau.

Foronya
Likiwa bado bichi, rudia spiriti mara moja na tishu mpya. Kikigoma, suuza vizuri, kisha loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye unga wa oksijeni wa kufulia, kipimo cha pakiti, saa moja au mbili. Anika kivulini ukague kabla ya pasi.