Naombeni ushauri: kadi ya Messi, nimuuzie huyu wa Dar?

Mwanaziwa (Mwanga, Kigoma): Wakuu, habari za jioni. Nina kadi ya picha ya Messi akiwa kijana kabisa, nywele ndefu, jezi ya Barcelona. Nyuma imeandikwa Panini. Kuna mtu wa Dar anatoa milioni mbili, anataka niipakie kwenye basi Ijumaa. Niuze au nisubiri? Silali.

Cheyo_B: Panini ni kampuni ya kadi za wachezaji, Waitaliano wa Modena, wapo tangu 1961. Kama ni ya toleo lao la Mega Cracks la 2004-05, namba 71, hiyo ni kati ya kadi za mwanzo kabisa za Messi, wakusanyaji wanaigombania. Ila bandia zimejaa. Usiifute hata kwa kitambaa kikavu, kona ikichakaa kidogo tu bei inaanguka. Kule Marekani kuna kampuni zinakagua hadi hizo kona, zinatoa alama 1 hadi 10. Umeipata wapi?

Mwanaziwa: Kwenye sanduku la vitabu. Mimi nauliza bei tu, mkuu.

Mama Ujiji: Sanduku la nani, mwanangu?

Mwanaziwa: La mzungu niliyekuwa namlindia nyumba. Mkataba wake kwenye shirika la wakimbizi uliisha, akasema nimtunzie. Mwaka wa tatu huu hajauliza! Na huyu wa Dar ameshanitumia laki tatu, nimenunua bati. Tulikuwa tunanyeshewa na watoto. Ningefanyaje?

Mama Ujiji: Hiyo ni amana. Ikae miaka kumi, bado amana.

Gungu1: Mmenikumbusha Tabora 1994, picha za wachezaji kwenye bigijii. Nilikuwa na Roger Milla, kaka yangu akambadilisha kwa gololi tano. Mpaka leo akija kwangu namuuliza Milla wangu yuko wapi.

Mkasulu: Jamani, huyu kajiunga leo. Chambo hii. Kesho atatoa namba ya kutuma hela.

Gungu1: Kweli, mzungu gani anaacha mali ya hivyo?

Cheyo_B: Weka picha ya nyuma, na sarafu ya mia mbili pembeni.

Mwanaziwa: Nimeweka. Wallahi simwombi mtu hela. Hiyo nailoni mnayoiona kwenye picha ni jalada la daftari la mwanangu.

Cheyo_B: 71 naiona. Kona ya chini imebonyea. Kwa picha siwezi kuapa kama ni halisi, ila usiipakie kwenye basi.

Mama Ujiji: Namba ya mwenye sanduku unayo?

Mwanaziwa: Ninayo. Ila bati zimeshapigiliwa, mama.