Wakuu, mstatili wa mzingo sm 46 unanitoa jasho

Fundi Kobazi: Habari za jioni wakuu. Mwanangu wa darasa la saba kapewa swali: mstatili una mzingo wa sm 46, urefu umezidi upana kwa sm 5, tafuta eneo. Kafanya vizuri kabisa, mwalimu kapiga kosa. Nimhamishe au nivumilie? Hata kula sijala.

Mama Wawili: Hamisha. Wangu alikuwa analia kila Jumatatu, nikamtoa. Siku hizi ananiamsha mimi.

Mgosi Mkongwe: Enzi zetu ukikosa unachapwa, na nyumbani unaongezwa. Leo mzazi anamshtaki mwalimu mtandaoni!

Chaki Nyeupe: Kabla ya kuhamishana, jibu lake ngapi? Weka na njia.

Fundi Kobazi: Jibu siyo hoja mkuu. Hoja ni mwalimu.

Chaki Nyeupe: Weka njia.

Fundi Kobazi: Upana x, urefu x + 5. Ukijumlisha 2x + 5 = 46, hapo nikapata x = 20.5. Urefu 25.5. Eneo 522.75. Kosa liko wapi?

Chaki Nyeupe: Mstari wa kwanza tu. Mzingo ni kuzunguka pande zote nne. Wewe umejumlisha pande mbili ukazipa sm 46 nzima. Urefu mmoja na upana mmoja ni nusu yake, 23.
2x + 5 = 23
2x = 18
x = 9
Upana 9, urefu 14, eneo sm za mraba 126. Hakiki: 9 + 14 + 9 + 14 = 46.

Kipepeo77: Mimi na x tuliachana kidato cha pili, hata salamu hatupeani.

Popo wa Usiku: Ngojeni kwanza. Shule zimefungwa, daftari linasahihishwa na nani? Halafu mara "mwanangu", mara "nikapata". Hii chai.

Fundi Kobazi: Ni tuisheni ya likizo.

Popo wa Usiku: Tuisheni ndiyo unataka kumhamisha shule? Ongeza sukari.

Fundi Kobazi: Basi. Daftari ni langu. Nina miaka 41, najiandaa na Mtihani wa Maarifa, QT, ule wa kufuzu kufanya mtihani wa kidato cha nne kwa sisi tusiopitia sekondari ya kawaida. Juzi mwalimu kaweka kazi yangu ubaoni, binti wa rika la mwanangu akacheka mpaka akashika meza. Nimeshamwambia mwalimu sirudi, ada ya mwezi nimemwachia. Sijaomba kushauriwa nirudi.

Mama Wawili: Ungesema mapema, mimi nimekushauri kama mzazi mwenzangu!

Mgosi Mkongwe: La kuchapwa nalifuta.

Chaki Nyeupe: Fundi, ukishona mkanda wa pembeni ya soli, unaupimaje?

Fundi Kobazi: Nazungusha uzi soli nzima, narudi nilipoanzia.

Chaki Nyeupe: Huo ndio mzingo. Ungepima kisigino na ubavu mmoja tu, mkanda ungetosha?

Popo wa Usiku: Kama kweli ni fundi. Atupe picha ya kobazi.

Fundi Kobazi: *(saa 5:40 usiku)* Nimekata uzi wa kushonea sm 46, nikapigilia misumari minne kwenye ubao. 9 kwa 14, ncha zimegusana. Chaki, una swali lingine? Darasani kesho wanaingia pembetatu.