Vitabu vya kunyoa kwa brashi na wembe: vinafaa, au ni kuchoma mega bure?

Himbi_Goma
Jambo wandugu. Naacha mashine za plastiki za nyembe tatu, nahamia kwenye mashine ya chuma ya wembe wa pande mbili, pamoja na sabuni na brashi. Kila ninayemwuliza ananitumia kiungo cha kitabu. Vya kulipia ni vya Kiingereza, vya bure ni vya zamani mno. Kuna ambacho kinafundisha kweli? Ndevu zangu ni za kujiviringa, vipele vinanitoka shingoni. Maji ni ya bomba.

Mnoaji_Kadutu
Kama unataka kujua kunoa, soma. Kama unataka kujua kunyoa tu, soma kidogo.

Kwa kuwa Kifaransa tunakijua, anza na Jean-Jacques Perret, *La Pogonotomie*, 1769. Perret alikuwa fundi wa visu Paris, na ufundi huo unaonekana: humo kuna namna ya kutambua mawe ya kunolea na namna ya kuandaa ngozi ya kupitishia wembe. Nakala zake ziko bure mtandaoni. Herufi s ya katikati ya neno imechapwa kama f, kwa hiyo rasoir utaiona rafoir mpaka macho yazoee. Mwishoni ameongeza somo la kuwatoa wagonjwa damu. Hilo liruke, usimjaribie mtu.

Cha pili ni *Shaving Made Easy*, New York, 1905. Ni kifupi, Kiingereza chake chepesi, na kipo Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni. Gillette alikuwa ameshapata hataza ya mashine yake mwaka 1904, ila kitabu hiki bado kinaegemea wembe wa kukunja. Kuhusu mashine yako usitarajie mengi.

Kwenye mkanda wa ngozi, ule wa kupitishia wembe wa kukunja, ndipo hivi vya zamani vinapolipa muda wako. Mkanda uvutwe ukaze. Ukilegea, ngozi inapanda juu kuzunguka ukingo na makali yanakuwa duara. Wembe ulale bapa, mgongo na makali vikigusa pamoja, mgongo ukitangulia. Ukifika mwisho ubiringishe juu ya mgongo wake. Ukiugeuzia kwenye makali unachana mkanda na kuharibu kazi yote ya jiwe. Mara 40 hadi 60 kabla ya kunyoa zinatosha.

Vipya vya kulipia, mimi sivisifu. Kurasa kibao za majina ya sabuni na manukato ambayo sokoni Kadutu huyaoni.

Povu_Lubum
Yaya Mnoaji, hapo unavionea. Vipya vinaeleza povu kuliko vya zamani. Kasoro yake ni kwamba vingi vinachukulia msomaji ana maji laini, yasiyo na madini mengi, na Himbi hana. Maji ya bomba ya Goma kwa sehemu kubwa yanatoka Ziwa Kivu, na ziwa hilo lina madini ya bikaboneti na magnesi kwa wingi. Magnesi inashika sabuni na kufanya utando mweupe usiotoa povu. Utafuata kitabu neno kwa neno, na povu litakauka usoni kabla hujamaliza shavu moja.

Jipimie: chupa mbili, moja maji ya bomba, nyingine ya mvua, kila moja na vipande sawa vya sabuni. Tikisa, uache dakika kumi. Ile ya bomba ikiwa na maji meupe kama maziwa na povu jembamba juu, jibu umepata. Kuchemsha kunasaidia zaidi palipo na chokaa. Magnesi haishuki kirahisi hivyo. Ndimu usitie, asidi inaivunja sabuni yenyewe. Tumia maji ya mvua, kikombe kimoja kinatosha kunyoa.

Kisha loweka brashi, ikung'ute, zungusha juu ya sabuni nusu dakika kwa maji haya, dakika nzima kwa ya bomba. Ongeza maji matone matatu matatu mpaka povu ling'ae bila kutoa mapovu makubwa. Na iwe sabuni ya kunyolea, yenye potasi. Ya kipande ya kufulia hailishiki povu.

Ngozi_Bukavu
Kuna sura moja ya kuiruka kabisa, Himbi: ile ya kupita mara tatu, yaani kufuata uelekeo wa ndevu, kwa upande, halafu kuzipinga. Kwa nywele zilizonyooka sawa. Unywele wa kujiviringa ukikatwa chini ya usawa wa ngozi, ncha inatoboa ukuta wa kitundu chake hata kabla ya kutoka nje. Ukitoka, unajikunja na kuchoma ngozi pembeni. Nyembe tatu zinazidisha: wa kwanza unavuta unywele, wa nyuma unaukata, kisha unarudi ndani. Ngozi ukiivuta sana kwa vidole inakuwa vilevile.

Acha ndevu siku mbili, pitisha kidole shingoni ujue zinaelekea wapi. Mara nyingi pembeni mwa koo zinageuka. Pita mara moja tu kuzifuata. Ukipenda kurudia, paka povu upya, uelekeo uleule. Vipele vikiwa vibichi, pumzisha wembe wiki tatu au nne. Na wembe hauazimwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja: homa ya ini B inapita humo.

Himbi_Goma
Asanteni sana. Pembe ya wembe je? Kila kitabu kinasema nyuzi 30, na mimi sina cha kupimia usoni.

Mnoaji_Kadutu
Usipime. Laza kifuniko cha mashine shavuni, kishikio kikisimama mraba na uso: hapo wembe haugusi. Shusha kishikio polepole huku ukivuta vijisentimita, mpaka usikie ndevu zinakatika. Simama hapohapo. Ukishusha zaidi wembe unakwangua, na shingo itawaka jioni. Usikandamize, uzito wa chuma unatosha.

Kabla ya hapo angalia ukingo wa wembe umetokeza sawa pande zote mbili. Ukiwa umepinda, legeza nusu mzunguko, shika ncha fupi zisizo na makali, kaza tena.