Ukuta wa zege umeanza kuinama: nguzo, gabioni au nondo za mwambani?

Mkazi_Isamilo: Habari zenu wanajukwaa. Nyuma ya nyumba yangu kuna ukuta wa zege unaozuia udongo wa mlimani, nao umeanza kuinamia upande wa nyumba. Fundi mmoja anashauri nguzo za zege mbele yake, wa pili gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe), wa tatu anataka kuutoboa na kuufunga kwa nondo kwenye mwamba. Ningependa kazi ikamilike kabla ya vuli. Ipi ni nafuu?

Kokoto_Nyegezi: Ndugu, hujasema kimo cha ukuta, wala kama msingi umekaa juu ya mwamba au udongo, wala kama una matundu ya kutolea maji.

Mkazi_Isamilo: Kimo ni mita 2.5. Msingi siujui, kwa kuwa nyumba niliinunua ukuta ukiwepo. Matundu hayapo.

Kokoto_Nyegezi: Basi anza na maji. Yakijaa nyuma ya ukuta wa kimo hicho, yanasukuma kila mita moja ya urefu wake kwa nguvu ya takriban tani 3, na hapo udongo haujahesabiwa. Toboa matundu ya bomba la inchi 3, nyuma yake uweke kokoto na kitambaa cha kuchuja udongo. Nguzo zitafuata.

Mama_Kirumba: Nguzo zijengwe kwa tahadhari. Fundi wetu alichimba mtaro mmoja mrefu mbele ya msingi ili asimamishe nguzo zote kwa mkupuo, na kumbe udongo ule alioutoa ndio uliokuwa ukizuia ukuta usiteleze. Mvua ilinyesha usiku. Asubuhi maji mekundu yalikuwa yakichuruzika chini ya zege, na kufikia adhuhuri kitako cha ukuta kilikuwa kimesogea hadi kwenye mlango wa jiko, huku nondo za nguzo zikiwa zimelala matopeni. Nilipomuuliza, alisema ni kazi ya Mungu. Ichimbwe sehemu moja, imwagwe zege, ikauke, ndipo ihamiwe nyingine. Na nguzo zishonwe kwenye ukuta wa zamani kwa nondo zilizogandishwa kwa gundi ya epoksi.

Mawe_Tele: Mnahangaika bure wakati Mwanza imejaa mawe. Gabioni hupitisha maji yenyewe.

Kokoto_Nyegezi: Gabioni ya kimo hicho inahitaji kitako cha zaidi ya mita moja. Nafasi hiyo ipo? Tena mawe mengi yanayouzwa yamepasuliwa kwa moto, yana nyufa.

Mawe_Tele: Nyumba ngapi za mjini zimejengwa kwa mawe hayo hayo na bado zimesimama?

Mchimba_Igoma: Tuyaache mawe ya kuchoma. Hatari ya nondo za mwambani hapa kwetu ni kwamba keekee ikigonga jiwe, fundi hushangilia kuwa amefika, kumbe ni jabali lililojikalia tu ndani ya udongo, litakaloteremka pamoja na ukuta. Mhandisi aliyesajiliwa atoboe sehemu kadhaa kwanza.

Mkazi_Isamilo: Nashukuru. Kati ya ukuta na nyumba kuna mita 1.2 tu. Niongeze kwamba juu ya ukuta, hatua chache, kuna shimo la choo la jirani.

Kokoto_Nyegezi: Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo! Matundu yasubiri, utakayoyafungulia uani si maji ya mvua peke yake. Shimo limejengewa, au ni la udongo mtupu?

Mama_Kirumba: Na huyo jirani mnaongea?