Mjadala: Aliyebeba chakula hadi msituni, tumhesabu mpiganaji?

Kutoka Njoro, Nakuru

Hamjambo nyote. Juzi matangani wazee walikuwa wanabishana ni nani wa vita vya Mau Mau dhidi ya mkoloni Mwingereza anayestahili kuitwa shujaa kila Oktoba 20, Siku ya Mashujaa. Mzee mmoja akasema aliyeshika bunduki au simi ndiye aliyepigana, akina mama "walisaidia tu." Hiyo "tu" imenikaa rohoni mpaka leo.

Nyanya yangu alificha unga katikati ya kuni, mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Akifika mahali palipokubaliwa, anautua na kuondoka bila kugeuka. Aliniambia, usilolijua halitoki hata ukichapwa. Sanamu ya Mau Mau pale Uhuru Park, iliyozinduliwa 2015, ndivyo ilivyo: mama anampa mpiganaji chakula, na kila mmoja anaangalia upande wake.

Na Jane Muthoni Mara je? Alikamatwa akiwa binti kwa kuwapelekea Mau Mau chakula, akateswa unyama usiosemeka. Yeye na wenzake waliishtaki Uingereza, na mwaka 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Waliomtesa hawakumwona kama mtu aliyesaidia tu.

Kutoka Kisumu

Dada, pole kwa maneno ya mzee huyo. Lakini mimi nasita. Usiku vijana wa msitu wanabisha hodi, mchana homugadi, mlinzi Mwafrika wa upande wa mkoloni, anauliza ni nani alikula hapa. Mama mwenye watoto wanne angemkatalia nani? Ukiwaita wote wapiganaji, umewafuta waliolazimishwa. Tena unampa mkoloni hoja yake, maana yeye ndiye aliyesema kila mama kijijini ni adui. Raia ni neno la kumkinga mtu, tusimvue kwa kutaka kumpa sifa.

Huku kwetu Nyanza, vita vya 1914 hadi 1918 viliwachukua wanaume kwenda kubeba mizigo ya jeshi, kariakoo. Wengi hawakurudi. Wake zao walibaki na jembe, na kodi ya nyumba ikaendelea kudaiwa. Hawakuchagua upande wowote. Hao nao tutawaitaje?

Kutoka Njoro, Nakuru

Hapo kwa waliolazimishwa umenigusa, ndugu yangu, na ninakubali. Kuanzia 1954 akina mama walikusanywa kwenye vijiji vya Dharura, vile vya kulazimishwa na mkoloni chini ya ulinzi, wakachimbishwa handaki la kuzunguka msitu, aliyelisha na asiyelisha. Sitaki kuwapa wote jina moja.

Ila usiniambie kwamba hakuna aliyechagua. Nyanya nilimuuliza ana kwa ana, akajibu kwamba alianza kupeleka unga kabla ya mtu yeyote kubisha mlangoni kwake. Huyo nikimwita raia peke yake, nimemnyang'anya uamuzi wake.

Basi tuanzie hapo. Aliye na nyanya au shangazi aliyeishi vijiji vile, amuulize angali hai: ulichagua, au ulilazimishwa? Kisha alete jibu hapa kama alivyolisema mwenyewe.